Kamba Tatu za Koti la Mzee Mose

Mimi sijui kunyamaza, na soko lote la Ekerenyo linajua hivyo. Labda ndiyo maana Mungu alinipa kibanda kinachopakana na cha Tryphosa, mwanamke ambaye akisema maneno kumi kwa siku ujue amehutubia mkutano. Mimi nauza vifungo, zipu, nyuzi na sindano. Yeye ni fundi wa kushona. Kati yetu kuna bati moja tu, na kwa miaka kumi na minne nimezungumza kwa niaba yetu sote wawili.

Ukimtazama hutadhani ana jambo. Mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na mkono wake wa kazi ni wa kushoto. Anashona yunifomu za shule, majoho ya kwaya, na mapazia ya wale waliojaliwa kujenga. Lakini kuna kitu kimoja anachokijua ambacho sijaona fundi mwingine akikijua, si hapa, si Marani, si Kisii mjini. Ni zile kamba za urembo zinazoning'inia kwenye makoti ya zamani ya wanajeshi, makoti ya gwaride. Mpelekee kamba, atakuambia ilikaa bega gani na aliyeivaa alikuwa nani.

Usicheke. Kamba hizo zina wenyewe. Marobota ya mitumba yakifunguliwa pale Daraja Mbili hutoka makoti mekundu, meusi na ya buluu, vifungo vya shaba, ya majeshi ya nchi ambazo hata majina hatuyajui. Bendi za shule zinayapigania. Vijana wa kanisa wanaofanya gwaride nao hawako nyuma. Shida ni kwamba ndani ya robota kamba zimeng'oka na kusokotana kama matumbo ya mbuzi, basi kila mtu anajishonea apendavyo.

Mwaka jana alikuja mwalimu wa muziki kutoka Birongo, anaitwa Duncan, na makoti kumi na sita. Koti la mpiga ngoma alikuwa amelipachika kamba nene ya dhahabu yenye ncha za shaba. Tryphosa akachukua wembe, akaitoa hata kabla ya salamu kuisha.

"Mwalimu, hii ni ya afisa anayemsindikiza mkubwa," akamwambia. "Sasa ukimpa mpiga ngoma, mkubwa atasindikizwa na nani?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya siku hiyo. Yaliyobaki aliyafanya kwa vidole. Kamba nyembamba nyeupe ya pamba, yenye kitanzi kimoja, ni ya filimbi, na mwisho wake huingia mfukoni. Ya kijani yenye vishada viwili hufungwa kwenye tarumbeta. Ukiichunguza utaona mahali pawili palipolika kwa kusuguana na shaba. Ile nene iliyosukwa, yenye ncha za chuma, hiyo ni ya wakubwa. Akiishuku dhahabu, huchomoa uzi mmoja akauwashia kiberiti. Hariri inanuka nywele zilizoungua, nailoni inajikunja ikawa tone. Koti lenyewe nalo hutoa ushahidi, kwa sababu pale kamba ilipokaa miaka mingi kitambaa hakikupauka kama kwingine.

Haya yote aliyapata Nakuru. Alifanya kazi miaka tisa kwa fundi mzee aliyekuwa na duka nje ya lango la kambi ya jeshi, na makoti ya gwaride ndiyo yaliyokuwa chakula chao. Na ni Nakuru hiyo hiyo iliyomharibia nyumba.

Mumewe Lewis alikuwa mwalimu huku nyumbani. Tryphosa alikuwa akija likizo na sikukuu, kama wengi wanavyoishi. Halafu Lewis akaugua homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu, akaenda. Tryphosa alifika Lewis akiwa tayari mochari. Siku ya mazishi, baba mkwe wake, Mzee Abner Mose, koplo mstaafu, alisimama mbele ya watu mia tatu akasema, "Huyu mwanamke alichagua makoti ya watu, akamwacha mwanangu afe peke yake." Ulimi hauna mfupa, lakini haki ya Mungu unavunja.

Tangu siku hiyo, miaka kumi na tano, boma moja, Mzee hajamsemesha. Tryphosa anampikia, chakula kinapelekwa na Nyanchama, binti yake Mzee aliyeachika zamani akarudi nyumbani. Mzee akitaka chumvi zaidi anamwambia Nyanchama. Wapitao njia hawakuona ajabu. Kwetu Abagusii, mke wa mwana na baba mkwe wana chinsoni kati yao, heshima yenye mipaka yake: hampeani mikono, yeye haingii nyumbani kwako, wewe huruhusiwi kuketi kitandani kwake, na hata uwe fundi wa namna gani huwezi kumpima bega. Lakini chinsoni haimkatazi mtu salamu. Mimi niliona ni chuki, na nilisema hivyo kila nilipopata wa kumwambia.

Nilimwuliza Tryphosa mara moja tu anachotaka kwa yule mzee. Shamba? Nyumba?

"Aniite jina langu kabla hajafa," akasema. "Basi."

Mwaka huu shule ya msingi ya pale kwao ilitimiza miaka sitini, na kamati ikaamua kuwaketisha mbele wazee waliotumikia jeshi. Mzee Mose ana miaka themanini na minne, ndiye mkongwe wao. Wengine walioalikwa ni maafisa wastaafu wawili, mmoja wao meja, watu wanaojua koti ni nini. Wiki mbili kabla ya sherehe, Nyanchama akaingia kibandani kwa Tryphosa na mfuko wa sukari begani, mimi nikaingia nyuma yake kwa sababu nina macho.

Ndani mlikuwa na koti jekundu la gwaride. Lilitokaje jeshini pamoja na mwenyewe, hilo hakuna aliyewahi kuliuliza. Chini ya koti kulikuwa na kamba tatu: nyeupe, ya kijani na ya dhahabu.

"Wifi, Baba amesema kamba yake imo humo," Nyanchama akasema. "Amesema wewe utaijua."

"Amesema mimi?"

"Amesema fundi. Lakini wifi, weka hii ya dhahabu tu. Sisi watoto tunataka ang'ae. Hata kwenye ile picha ya ukutani ameivaa hii."

Alipoondoka, Tryphosa alilitandaza koti mezani kana kwamba mtu amelala ndani yake. Nilimwona akiinamisha miwani. Bega la kulia, chini ya ukanda wa bega, kulikuwa na kitufe kidogo, na kutoka hapo mstari mwembamba usiopauka ulishuka hadi mfuko wa kifua. Akachukua ile nyeupe akailaza juu ya mstari. Ilitoshea sawasawa. Ya kijani akaipindua mara moja, akaonyesha mahali pawili palipolika, akaiweka kando. Ya tarumbeta. Mzee aliiokota wapi, yeye anajua na Mungu wake.

Kisha akaishika ya dhahabu, na mikono ikasimama.

Mimi nikajongea. Kwa mbali ilikuwa inapendeza, nene, imesukwa vizuri. Kwa karibu nikaona ncha zake zimepakwa rangi.

"Ala! Hii si ncha ya mwavuli?"

"Ni ya mwavuli," Tryphosa akasema. "Wangu."

Siku hiyo alizungumza kuliko siku zote nilizomjua. Lewis ndiye aliyeomba. Ndoa yao ilikuwa na mwaka wa pili, na Nyanchama alikuwa anaolewa. Lewis alichoka kuona baba yake akiketishwa nyuma kwenye kila sherehe ya lokesheni, mzee aliyelinda mpaka wa nchi, huku wenye maduka wakiwekwa mbele. Akataka siku ya harusi ya dada yake baba ang'ae. Tryphosa akatafuta picha ya jenerali kwenye kalenda, akanunua uzi wa njano wa pindo za mapazia, akasuka majuma mawili. Ncha za shaba zilikuwa ghali, akang'oa za mwavuli wake. Lewis akampelekea baba akasema ameinunua Nakuru, maana aliogopa mzee akijua imetoka mkononi mwa mke wa mwanawe atakataa kuiweka begani.

"Una uhakika ni hii?" nikamwuliza. "Nailoni ya njano imejaa dunia nzima."

Akaivuta kwenye mwanga. "Misuko ya mafundi wengine inainama kulia. Huu umeinama kushoto. Nani mwingine hapa anasuka kwa kushoto?"

Tatizo lilikuwa wazi hata kwa muuza vifungo. Akiishona ile ya dhahabu, Mzee atakaa ubavuni mwa meja akiwa koplo aliyejivika kamba ya jenerali, yenye ncha za mwavuli, na meja ataona kabla ya kuketi. Uzee wake wote utaishia kwenye kicheko. Akiiacha, amemvua baba mkwe zawadi ya marehemu mbele ya ukoo, na amemwambia bila kusema kwamba wewe si mkubwa. Mke wa mwana hasemi hivyo.

"Ananipima," Tryphosa akasema. "Anataka kuona kama nitamwaibisha. Nikikosea hapa, Beverlyne, hataniita jina mpaka kaburini."

"Basi mwambie ukweli mapema."

"Kwa mdomo gani?" Akanitazama juu ya miwani. "Wewe si wa boma letu. Na mdomo unao."

Jumapili alasiri nikajipaka mafuta nikaenda. Mzee alikuwa amekaa barazani kwake, redio mapajani, kofia ya sufu kichwani, mgongo umenyooka kama amepigiwa paredi. Ng'ambo ya uwanja, mlangoni pa jiko lake, Tryphosa alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Hatua ishirini hivi. Kila neno lingemfikia, na Mzee alijua.

"Mzee, shikamoo. Nimetumwa."

"Marahaba. Na nani?"

"Na fundi."

"Fundi hana jina?"

"Analo, Mzee. Ni wewe lililokushinda."

Niliuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Alinikazia macho. Nikaona heri nimalize kabla hajaniita mtovu wa adabu. Nikamweleza yote: mstari kwenye koti, kamba nyeupe ya filimbi, meja atakayeketi karibu naye, kwamba ile ya dhahabu ni ya wakubwa na fundi anaogopa asije akachekwa. Sikusema ni nani aliyeisuka. Hilo sikutumwa.

Mzee akaizima redio.

"Mimi nimekuwa koplo miaka minane, binti. Unadhani sijui kamba yangu? Nyeupe. Nilikuwa naifua kila Ijumaa kwa sabuni ya kipande. Nyeupe ndiyo ishonwe. Ile ya dhahabu nirudishiwe."

"Sasa kwa nini uliitia mfukoni, kama unajua?"

Alianza kuchezea kitufe cha redio.

"Lewis aliniambia ameinunua Nakuru. Lewis hakujua kudanganya tangu mdogo. Akidanganya anashika sikio. Siku ile alishika sikio." Akagusa lake. "Nikaiangalia. Nilikuwa nimemwona mke wake akifagia hapa, akikata mboga, kila kitu kushoto. Nikajua. Nilifurahi, binti, nilifurahi sana. Lakini mimi na yeye tuna mipaka yetu, ningemshukuruje kwa kitu ambacho sikutakiwa kujua? Nikaivaa kwenye picha, nikadhani ataona."

"Na siku ya mazishi?"

"Siku aliyofika, alikuja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Niliiona nikaungua. Nikasema mwanangu amekufa na huyu amekuja na kazi yake. Ilinichukua mwaka mzima kufahamu kwamba mtu mwenye nafasi huvua futi. Anayeisahau shingoni ni yule aliyekimbia." Sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini si sana. "Kufikia hapo ningefanya nini? Maji yameshamwagika. Neno umelisema mbele ya watu mia tatu, unalirudishia wapi? Barazani? Kwa nani? Mwaka huu nikapata sababu ya kumpelekea koti. Nikatia zote tatu. Nilijua yake ataitambua."

"Ili iweje?"

"Aelewe nimeitunza."

Jamani. Mimi nilikasirika mpaka macho yakanilowa. Huku mwenzangu hajalala wiki nzima akidhani anategwa, kumbe alikuwa anaombwa msamaha kwa mfuko wa sukari.

"Miaka kumi na tano, Mzee!" nikasema. "Mtu yuko hatua ishirini kutoka hapa, anakupikia kila siku, halafu wewe unatuma kamba? Kamba ina mdomo?"

Nilingoja fimbo. Badala yake aliitumia kusimama. Akashuka ngazi mbili za baraza, polepole, akakataa mkono wangu, akatembea mpaka katikati ya uwanja, pale ambapo mzee mwenye adabu husimama asiukaribie mlango wa mke wa mwanawe. Tryphosa akainuka. Sinia likamponyoka, maharagwe yakaenda kila upande, na hakuna aliyeyatazama.

"Nilikukosea," Mzee akasema. "Ulikimbia kuja, na mimi nikasema vile. Nilikukosea."

Nilitarajia Tryphosa alie, au apige magoti kama wanawake wa kwetu wanavyofanya. Alisimama tu, mikono imeshika leso.

"Sikukimbia, Tata," akasema, akimwita baba kwa lugha yetu.

Mzee akainua uso.

"Walinipigia asubuhi. Gari la saa mbili lilikuwepo. Nilikuwa na koti la watu mkononi, limebaki mkono mmoja. Nikasema nimalize. Nikapanda la saa sita." Akaikunja leso mkononi. "Ulichosema mazishini kilikuwa kweli. Ndiyo maana sikukujibu, siku ile wala baadaye. Nilikuwa nangoja uniite ili nikuambie, na ulikuwa huniiti."

Miaka kumi na minne nimekaa na huyu mwanamke bati moja katikati, na hili sikuwahi kulisikia. Nilidhani nabeba mzigo wake kwa maneno yangu, kumbe sikuwa nimegusa hata kamba yake. Nilitamani kwenda kumshika, kwa sababu mtu fulani alipaswa kumshika, na yule aliyekuwa mbele yake hakuruhusiwa.

"Walipokupigia," Mzee akauliza, "walikuambiaje?"

"Kwamba ana homa kidogo. Kwamba anaendelea vizuri, nisiwe na haraka."

Mzee aliinama juu ya fimbo yake, nikadhani anaanguka.

"Ni mimi niliyemwambia Nyanchama akuambie hivyo," akasema. "Lewis alikuwa hatambui mtu tangu jana yake. Sikutaka uje uone tumechelewa kumpeleka hospitali. Nilisema apate nafuu kwanza."

Kuku walikuwa wameshafika kwenye maharagwe. Tryphosa alimwangalia muda mrefu yule mzee, machoni, jambo ambalo sisi hatulifanyi.

"Basi sote tulichelewa, Tata."

"Sote, Tryphosa."

Kisha Mzee akamwuliza kama koti litakuwa tayari Ijumaa, naye akasema litakuwa tayari Alhamisi.